Kitufe cha Chunga

Kasongo, Jumatatu

Mbuzi. Tangu Kabambare, juu ya pikipiki nikirudi nyumbani, nilikuwa nawaza mbuzi tu.

Bukavu, kwenye mkutano wa programu huru, tulikuwa tunatafsiri programu ya kuandikia barua. Tukafika kwenye kitufe cha kutunza kazi isipotee. Nikasema kiitwe "Chunga", kwani kwetu kutunza kitu ni kukichunga. Fundi mmoja wa Kigoma akauliza kwa upole, "Mama, tuchunge nini, mbuzi?" Wakacheka. Hata mimi nilicheka kidogo. Wakapiga kura, likashinda "Hifadhi".

Ni neno zuri. Marehemu Amisi, mdogo wangu, hakulitumia hata mara moja.

Yeye ndiye aliyenifundisha kompyuta, hapa kwenye kibanda chake cha kuchapia karatasi. Jenereta ikianza kukohoa alipaza sauti kuniita, mimi dada yake mkubwa: "Yaya, chunga! Iko inazima!" Maneno nayakumbuka. Sauti yenyewe naogopa nitaisahau.

Baadaye yule fundi alinifuata kwenye chai. "Mama, programu ni huru. Kwako iite unavyotaka, hakuna wa kukuuliza." Akanionyesha pa kubadilisha. Katika hotuba zote zile, nilichoelewa vizuri ni hicho.

Leo nimebadilisha. Mteja wa kwanza, katekista wa Lusangi, alisimama nyuma yangu nikimchapia barua yake. Akasoma kitufe, akasema, "Mama, chunga basi, isipotee."

Hakuuliza habari ya mbuzi.

Haya nayaandika kwenye mashine ya Amisi, na jenereta imeanza kukohoa. Ndiyo, mdogo wangu. Nachunga.