Salamu Nilizoagizwa Dukani

Mama Minza,

Sikuwa nimepanga kukuandikia. Unajua mwenyewe mkono wangu umezoea kuandika kilo za pamba, si maneno ya moyoni. Lakini leo kuna mtu amenipa salamu nikuletee, na wewe ndiye uliyekuwa ukisema salamu ya mtu haikai mfukoni, lazima ifike. Sasa hii nitaifikishaje? Nimezunguka nayo tangu saa nne asubuhi. Mwishowe nimechukua daftari la zamani la Minza, nikabeba kigoda, nikaja kukaa hapa ulipolala, karibu na uzio wa minyaa. Majirani wakinichungulia, shauri yao.

Nianze na aibu yangu kabla hujaisikia kwa mwingine. Ulituacha watu wakipanda pamba, na sasa imeanza kupasuka. Katika muda huo mfupi nimegombana na mji mzima wa Bariadi, na mji wenyewe hauna habari.

Ilianzia kwenye lile duka la karibu na stendi, lenye mabeseni ya rangi yanayoning'inia mlangoni. Niliingia nikasimama mbele ya meza. Aliyekuwepo ni yule Kabula wako, msichana aliyetoka Kiloleli, ambaye mama yake anauza dagaa. Hayo yote nayajua kwa sababu ulikuwa ukinisimulia njiani tukirudi. Nikasubiri shikamoo. Haikuja. Yeye naye alikuwa ananitazama, sijui anasubiri nini. Tukakaa hivyo, mimi na mvi zangu, yeye na ukimya wake, mpaka nikanyoosha kidole kwenye sabuni. Akanisogezea kwa mkono wa kushoto.

Mkono wa kushoto, Mama Minza. Nikatoka nimevimba. Nikasema duka hilo basi.

Nikahamia la pili. Pale jamaa alikuwa anabishana na mwenzake habari za mpira, akanipa kiberiti bila hata kugeuza shingo. Nikasema nalo basi. Kwenye hoteli tulipokuwa tukinywa chai siku za gulio, dada aliwahudumia madereva wawili walioingia nyuma yangu, halafu akaja kufuta meza, akapitisha kitambaa kukizunguka kiwiko changu kama kiwiko chenyewe ni makombo. Kwenye mashine ya kusaga nilisimama na debe langu, mwendeshaji akaniinulia kidevu tu, maana yake sema unataka nini. Nikarudi na mahindi yangu mazima. Jioni ile nilikula michembe ya viazi vitamu na maziwa, nikajiambia nina heshima yangu.

Unaniona mjinga, najua. Nakusikia hadi huku.

Lakini niambie, wewe uliyekuwa unawaelewa watu, maana mimi sielewi. Haohao walijaa hapa msibani. Mwenye lile duka la mabeseni alikuja na sukari, akakaa nasi siku mbili. Mwendeshaji wa mashine alishika jembe akachimba kaburi lako, nilimwona kwa macho yangu akitokwa na jasho. Mtu anakuchimbia kaburi la mkeo halafu anakusalimia kwa kidevu? Nikiwaza hivyo kichwa kinaniuma. Kuna siku nilifikiri labda walikuwa wananiheshimu kwa sababu yako tu, na sasa umekwenda nimebaki mtu wa bure. Wazo hilo liliniumiza kuliko mkono wa kushoto.

Na jambo jingine. Unakumbuka duka lilipokuwa moja? Foleni toka alfajiri, na karani wetu yule wa ushirika akitununia wote sawasawa, mkubwa kwa mdogo. Haikuniuma hata siku moja. Ulikuwa unanuniwa na serikali nzima, unachukua sukari yako kama ipo, unaondoka. Tangu waruhusu kila mtu afungue duka, milango imejaa kuanzia stendi hadi sokoni, redio zinapiga kelele, kila mwenye duka anamtaka mteja. Sasa hapo nikinuniwa najua nimenuniwa mimi. Hilo nimelifikiria sana na bado sijui kama nina haki.

Hukuniuliza, lakini nitakwambia ukweli: hata mizani naikumbuka vibaya siku hizi. Wanunuzi wapya wamekuja na mizani zao na magari yao, ile yetu ya chama imefungiwa stoo. Miaka yote niliyopima pamba nilikuwa nasalimiwa. Mtu anashusha mzigo wake, anaanza yeye: mwangaluka baba, habari za leo baba. Nikadhani ndivyo dunia ilivyo. Sikujua kwamba ni kwa sababu wao ndio wanaokuja na mimi ndiye ninayekutwa. Na nilikuwa naitikia jicho likiwa kwenye mshale. Uliwahi kuniambia, tena huku unanimiminia maji ya kunawa, "Baba Minza, watu wa Nkoma wanasema mizani yako haina neno, shingo yako ndiyo ngumu." Nilinuna siku mbili. Kuna bibi mmoja wa huko Nkoma alinisalimu mara tatu, nikamjibu, "Sogeza mzigo." Uso wake nilikuwa nimeusahau. Mwezi huu umerudi, na sijui umerudi kutafuta nini.

Basi maduka yakaniishia. Nikawa napanda baiskeli hadi Ngulyati kununua chumvi. Kule kuna mama mmoja mnene ambaye husalimia watu hata hawajashuka kwenye baiskeli, na hata mbuzi wanaopita huwasalimia. Nikampenda. Lakini magoti yangu hayakuipenda ile njia, na siku mnyororo ulipokatika nikaisukuma baiskeli hadi nyumbani na mfuko wa chumvi shingoni.

Siku hiyo ndiyo Minza alikuja kutoka Mwanza kunitazama. Alifunua vyungu kimoja kimoja. Akafika kwenye debe la unga na kukuta mahindi mazima. Akakaa chini pale jikoni kwako. Akasema, "Baba, huwezi kuishi hivi. Pamba ikishavunwa nakuja kukuchukua, ukakae kwangu."

Ni mtoto mwema, na nyumba yake ina bati na umeme. Lakini nikienda, nani atakaa hapa na wewe? Minyaa hii unaijua. Mvua moja tu imenyesha na tayari matawi yake yameanza kukulalia, jana nimeyakata kwa panga. Nikiondoka mwaka mmoja, mtu akija hatajua kama kuna mtu amelazwa. Miaka thelathini na kitu hatujaachana zaidi ya msimu mmoja wa pamba. Siwezi kukuacha hapa kwa sababu ya chumvi. Na chumvi siwezi kuinunua. Ndiyo hali niliyokuwa nayo.

Kabla ya kuondoka Minza akasema twende mjini akaninunulie vitu vya ndani. Akaelekea moja kwa moja kwenye mabeseni. Sikutaka kumwambia kuwa duka lile nimelisusa, atacheka. Nikabaki nje nafunga baiskeli kwenye nguzo. Nikiwa nimeinama na kufuli mkononi, nikasikia sauti yako. Nakuapia, ilikuwa yako. "Mwadila, mdogo wangu. Habari za hapa? Wa nyumbani wazima?" Na yule msichana, yuleyule, anajibu kwa furaha, "Wazima, dada, karibu, karibu sana."

Kufuli likanidondoka. Kumbe ni Minza anayesalimia. Nilipoingia Kabula akanigeukia akiwa bado na kicheko, akasema, "Shikamoo baba, karibu." Nikajibu marahaba, na nikachanganyikiwa kabisa. Duka lile lile, msichana yule yule, na mimi ni yule yule.

Minza amekwenda, na siku tatu nzima nimelitafuna jambo hili kama ng'ombe. Nimejaribu kukumbuka ni lini niliwahi kuingia mahali kabla yako. Dukani, hotelini, mashineni, hata kanisani. Sikumbuki. Kila mara nilikuwa nje nafunga baiskeli. Nikimaliza naingia, nakuta salamu zimekwisha, watu wamekunjua nyuso, mimi napokea shikamoo zangu kama mtu anayeletewa chakula. Salamu zangu ulikuwa unazitoa wewe, Mama Minza. Ukisema hatujambo, na mimi nimo.

Kwa hiyo pale dukani mimi nilikuwa nangoja mdogo aanze kwa mkubwa. Yeye alikuwa anangoja anayeingia aanze kwa aliyemkuta. Wote wawili tumelelewa vizuri, ndiyo maana hakuna aliyefungua mdomo. Nadhani ni hivyo. Sina hakika. Wale madereva wa chai bado sijawaelewa, na mkono wa kushoto sijausamehe, ingawa labda msichana ni wa shoto. Ningekuuliza, ungejua.

Leo asubuhi nimekwenda. Baiskeli sikuifunga, nimeiegemeza tu, nisije nikapata kisingizio cha kubaki nje. Nimeingia nikasema, "Mwangaluka, mwanangu." Sauti ilitoka kubwa kama naita ng'ombe ng'ambo ya mto. Kabula alishtuka, kisha akacheka, akasema, "Mwangaluka baba, shikamoo." Nikamuuliza habari za hapo. Nikamuuliza mama yake hajambo huko Kiloleli, na dagaa wanapatikana? Aliacha kupima sukari. Akaniuliza nimemjuaje mama yake. Nikasema, "Mama Minza aliniambia."

Hapo uso wake ukafunguka wote. Akasema, "Mama Minza hajambo? Nilikwenda nyumbani dada yangu alipojifungua, tangu nirudi sijamwona hata siku moja. Naona unakuja peke yako na umenuna, nikaogopa kuuliza."

Kumbe mwenye duka hakuwahi kumwambia. Nikajibu, "Hajambo."

Usinikasirikie. Neno lilitoka lenyewe. Unajua tunavyosalimiana: ukiulizwa habari za nyumbani, kwanza unasema wazima, hata kama kuna mgonjwa ndani anakoroma. Halafu ndipo unasema, ila mtoto homa imemshika, ila ng'ombe amekufa. Nilisema la kwanza. Nikafungua mdomo kusema la pili, likakataa kutoka. Kabula alikuwa ananitazama kwa furaha, na mimi kwa mara ya kwanza tangu wakuzike nilikuwa nimesimama mahali ambapo wewe bado upo. Umekosa kuonekana tu, una shughuli nyumbani, utakuja gulio lijalo. Nikataka kukaa humo kidogo.

Akaingia nyuma, akatoka na dagaa amewafunga kwenye karatasi. Wamekuja jana kutoka kwao. Akanipa kwa mikono miwili, goti amelikunja. Akasema, "Mpelekee mama, mwambie Kabula anamsalimu sana, aje nimwone."

Nikawapokea, nikatoka. Nimepanda baiskeli bila sukari niliyoifuata.

Sasa nipo hapa. Dagaa wako kwenye karatasi juu ya goti langu, na sijui niwafanyeje. Sijui nimesema uongo au nimeanza kusema kweli nikaishia njiani. Sijui kama watu wa mji huu walinidharau au nilijidharau mwenyewe nikawasingizia. Nilitaka nikuandikie nikiwa nimeelewa. Naona sitaelewa upesi.

Lakini moja naliweza. Kesho nitarudi pale kwa Kabula. Nitaanza mimi. Akiuliza habari zako sitamwacha aendelee kukungoja mlangoni kila gulio, maana na yeye ana haki ya kukulilia. Akilia nitasimama hapohapo mpaka amalize, sitatoka nje kushika baiskeli. Kisha nitanunua chumvi, na sukari niliyoiacha leo. Keshokutwa nitakwenda mashineni na debe langu, nimwamkie yule aliyekuchimbia, nimwambie ahsante ambayo sikumwambia. Minza akija baada ya pamba atakuta unga ndani. Atanikuta na mimi, na minyaa imekatwa.

Ulale salama, mke wangu. Panapo uzima nitakuja kila asubuhi kukuamkia, tena bila kungoja uanze wewe.

Na zile salamu nilizoagizwa zisibaki kwangu. Kabula wa Kiloleli anakusalimu sana. Anasema uende akuone. Nimemwambia hujambo, na kesho nitamwambia ila.

Ni mimi,
Baba Minza