Daftari Lisilokohoa

Bu Murtinah mpendwa, assalam aleikum, nakuomba uniokoe kabla ya Alhamisi, maana Alhamisi saa tatu asubuhi nitasimamishwa mbele ya kijiji kizima na sijui nikifungua mdomo nitasema nini. Jina langu naomba usilitaje redioni, wala la kijiji, sema tu ni huku pwani ya kaskazini ya Java, kwenye kile kiwanda cha umeme cha makaa ya mawe, watu wakikisia nimekwisha.

Nina miaka thelathini na nne, nauza kerupuk, vile vitafunwa vikavu vya unga, nakaanga mwenyewe, na mwaka wa tisa huu mimi ni mmoja wa akina mama wa kujitolea wanaopima watoto uzito kila tarehe kumi ya mwezi kwenye baraza ya mkuu wa kijiji. Wenzangu wawili wananing'iniza watoto kwenye mizani, mmoja anagawa uji wa choroko, na mimi naandika kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Naandika mara mbili, kwanza kwenye kadi ya mtoto ambayo mama anaondoka nayo, halafu kwenye daftari kubwa la kijiji, jina, uzito, na kama mtoto ana lolote, homa, kuhara, kikohozi.

Sasa Bu, mwaka juzi kiwanda kilipoanza kumwaga jivu upande wetu, kikohozi kikajaa daftarini, mwezi mmoja watoto tisa, unaofuata kumi na sita, na jivu lenyewe unaliona, nikianika kerupuk uani asubuhi mchana nazipangusa kwa kitambaa, nguo nyeupe ndiyo usithubutu kabisa. Mwaka jana tukaingia shindano la kijiji chenye afya la wilaya, na wiki mbili kabla ya majaji kufika mkuu wetu wa kijiji, Pak Suparlan, akalifungua lile daftari, akalamba kidole, akageuza kurasa, akasema, "Mbona hili daftari linakohoa hivi?" Tukacheka. Akasema, "Mimi sicheki, Bu. Majaji wakisoma haya tutashika mkia. Liandike upya, lisafishe kidogo. Hakuna mtoto atakayekufa kwa kuandikwa mzima." Mkunga wetu, Bu Yayuk, alikuwa amekaa pale pale, akaanza kusoma simu yake.

Nikaandika, Bu. Nilichukua daftari jipya nikakaa nalo siku tatu, majina yale yale, uzito sikugusa hata gramu moja nakuapia, ila kila penye kikohozi nikaandika mzima, mzima, mzima, hata Laras, mtoto wangu wa mwisho, na karatasi za daftari la zamani nikafungia kerupuk mpaka zikaisha. Tukashinda. Kombe lipo ofisini kwa mkuu wa kijiji, refu linampita mtoto wa chekechea, na mimi niliitwa mbele nikapewa kitambaa cha batiki nikashona, nimekivaa harusi mbili.

Balaa limeanza mwaka huu. Kiwanda kinataka kujenga mtambo wa pili na dampo jipya la jivu, na dampo linakuja nyuma ya chekechea yetu, ukisimama mlangoni unarusha kandambili inafika. Mwezi uliopita tuliitwa kikao cha matayarisho, serikali ya tarafa, watu wa kampuni na sisi wakazi, na jirani yangu Bu Darsih akasimama akasema watoto wanakohoa, mwanawe Bagas amempeleka kituo cha afya mara tatu. Msemaji wa kampuni, Pak Hendra, kijana mwenye adabu, anavua viatu hata mahali pasipohitaji, akainua makaratasi, kumbe ni nakala ya daftari langu, akasema taratibu, "Samahani sana, Bu, mimi si daktari. Lakini hii siyo karatasi yetu, ni daftari la kijiji chenu wenyewe. Bagas, mwezi wa tatu mwaka jana, mzima. Mwezi wa nne, mzima. Mwezi wa tano, mzima." Mtu mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Basi labda inayokohoa ni pikipiki ya baba yake!" Watu wakacheka ukumbi mzima. Bu Darsih hakumtazama aliyesema, hakumtazama Pak Hendra, alinitazama mimi, kwa sababu ile safari ya tatu ya kituo cha afya yeye ndiye aliyeendesha pikipiki na mimi ndiye niliyempakata Bagas nyuma, na nilikuwa nayasikia mapafu yake kwa mkono. Nikainamia boksi la wali tulilogawiwa kikaoni. Tangu siku hiyo hanunui kerupuk kwangu, anakwenda mpaka ng'ambo ya barabara kuu.

Sasa mkuu wa tarafa amesema Alhamisi ndiyo siku ya kuandika maoni ya kijiji, na kwa kuwa pana ubishi juu ya watoto, aliyeandika daftari alete daftari, alisome mwenyewe mbele ya wote. Pak Suparlan alikuja nyumbani kabla hata sijapata habari, hakutaka hata chai, akasema, "Wewe soma tu kilichoandikwa, Bu. Kusoma siyo kusema uongo." Mume wangu, Mas Karsono, ni mlinzi wa geti la kiwanda hicho hicho, mwaka wa nne. Nilipomwambia linalonisumbua aliweka kijiko chini. "Ukisimama na kikohozi chako pale mbele," akasema, "mimi kesho yake nitasimama geti gani?" Nikamwambia nilikosea. Akasema, "Ile batiki ulipokuwa unaivaa mbona hukuniambia ulikosea?"

Nimewaza Jumatano nijifanye naumwa niende kwa dada yangu Semarang, mwenzangu mwingine asome. Nimewaza nisome kama lilivyo, mzima mzima, niketi. Nimewaza pia nikiri, lakini nikikiri nani ataniamini na daftari la zamani limekwenda na kerupuk, watasema Bu Darsih amenilisha maneno, nitakosa huku na kule. Naomba unijibu hewani Jumatano asubuhi, redio nitaiwasha jikoni.

Mama wa Daftari

*

Mama wa Daftari, waaleikum salaam. Jina nimelificha, kijiji nimekificha, na watu wako wote nimewapa majina ya kubuni. Ongeza sauti kidogo, kisha zima jiko, usije ukaunguza.

Kwanza pole. Umebanwa na mkuu wa kijiji, umebanwa na mumeo, na jirani yako amekununia kwa haki. Naiona hofu yako na siichezei. Ukishapokea hiyo pole kaa vizuri, maana sasa nakusema.

Unaniapia kwamba uzito hukugusa hata gramu. Ulitaka nikupe kombe la pili? Mtoto kifua kinampiga miluzi, wewe unajisifu kilo zake umeziacha! Pak Suparlan alikutuma, ndiyo, na huyo mkunga wenu aliyezama kwenye simu ana lake la kujibu, na siku akiniandikia nitamjibu. Leo umeniandikia wewe, na kalamu ilikuwa mkononi mwako. Siku tatu, mama! Hukuteleza. Mtu hatelezi siku tatu.

Anakwambia kusoma siyo kusema uongo. Haya, kwa nini hasomi yeye? Ana macho, ana miwani, ana kombe ofisini. Anataka mdomo wako kwa sababu miaka tisa akina mama wamekukabidhi watoto wao wakiwa na chupi tu, na ukisema mzima wanaamini. Huo ndio mtego, na wewe uliusuka nusu.

Semarang usiende. Dada yako hana shida na wewe. Ukiwa kwake unakunywa chai, mwenzako atasimama asome mzima, mzima, mzima, na jivu litamwagwa nyuma ya chekechea kwa mwandiko wako, uwepo usiwepo. Tena usije ukampakazia huyo Pak Hendra kwamba ni mwongo. Kijana wa watu alisoma ulichoandika. Mkimtukana atakuwa na sababu ya kukasirika, na nyinyi mtakuwa mmepoteza asubuhi.

Mumeo usimbeze. Hofu yake ni ya kweli na mimi siwezi kukuahidi kwamba geti litabaki lake. Atakayekuahidi hivyo anakudanganya. Lakini asiyasikie ukumbini pamoja na watu wengine. Akirudi zamu leo, kabla hajavua buti, mwambie: kesho nasema, nimeamua, naogopa pia. Kuhusu batiki alikuuliza swali zuri. Mjibu kwamba uliona raha kuitwa mbele. Ndiyo ukweli, na ukishausema huo, huu mwingine utatoka kwa urahisi zaidi.

Sasa kuhusu ushahidi, maana hapo umenichosha. Unalia daftari limekwenda na kerupuk, huna kitu mkononi. Hivi barua yako uliisoma kabla ya kuituma? Mwenyewe umeniandikia kwamba kwanza unaandika kwenye kadi ambayo mama anaondoka nayo. Kadi, mama! Zile kadi ulizisafisha lini? Hukuzigusa, hukuweza, ziko majumbani kwa watu. Ziko chini ya magodoro, kwenye makopo ya biskuti, nyuma ya picha za harusi. Kila moja ina tarehe kumi, kila moja ina mwandiko wako huo unaosomeka, na kila moja bado inakohoa.

Kwa hiyo sikiliza. Nikimaliza kusema hapa, nenda kwa Bu Darsih kwa miguu yako. Kerupuk usipeleke, usimhonge kwa kitafunwa. Mwambie nilikibadilisha kikohozi cha Bagas nikaandika mzima, na siku walipokucheka nilinyamaza. Atakusema. Mwache akuseme mpaka amalize, na usimkatize hata kwa neno samahani. Halafu muombe mzunguke pamoja nyumba kwa nyumba. Akikataa, zunguka peke yako. Kila mama aje kesho na kadi yake, aishike mwenyewe, asimkabidhi mtu hata akiombwa kwa adabu gani, na kila kadi ipigwe picha kwa simu leo hii kabla ya magharibi.

Ukipita kwa mkunga, mwambie unachokwenda kufanya. Usimwombe ruhusa. Mkumbushe tu kwamba kituo cha afya nacho kina kitabu chake cha dawa, na dawa ya kikohozi haiandikiwi mtoto mzima. Achague mwenyewe atakaa wapi kesho.

Ukumbini usijifanye daktari. Usiseme jivu linaua, hujui, na watakunasa hapo hapo. Sema ulichokiona, ulichokiandika, na ulichokifuta, na nani alikuomba ufute. Halafu mgeukie mkuu wa tarafa, umwombe mbele ya wote, iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao: waje madaktari wa nje wawapime watoto, lipimwe jivu, na hilo dampo lisitiwe sahihi na yeyote mpaka majibu yasomwe ukumbini humo humo. Na karatasi ya mahudhurio ikipita, mwambie kila mtu asome kichwa cha karatasi hiyo kabla ya kuandika jina. Ikiwa kichwa kitupu, aandike mwenyewe pale juu kwamba amehudhuria tu. Nimeshapokea barua za kutosha za watu waliosaini kupata boksi la wali wakaja kuambiwa walisaini kukubali.

Watakuzomea? Watakuzomea. Yule wa pikipiki atapata mzaha mwingine. Kombe pengine litarudishwa wilayani, lirudi tu, halijawahi kumponya mtoto. Huenda mwezi ujao akina mama wasitake wewe ushike kalamu, na ikiwa hivyo utagawa uji wa choroko na hutanung'unika.

Nimebakiza moja, na hilo nimelisoma mara nne. Katika barua ndefu namna hii, Bagas wa jirani umemtaja miezi yake mitatu. Laras wako wa kumzaa umempa maneno machache, kati ya gramu na kerupuk, ukapita mbio. Hukuniambia kama bado anakohoa. Sikuulizi, kwa sababu kama redio iko jikoni basi na yeye yuko karibu, na unamsikia sasa hivi.

Kesho usianzie juu ya orodha, mama. Daftari liweke mezani, usilifungue. Toa kadi ya Laras, unajua ilipo. Soma jina lake, soma mwezi, soma ulichoandika siku ile kwa mkono wako. Kisha mpe Bu Darsih kipaza sauti, ukae.