Sentensi ya Bawaba

Jumatatu, 3 Machi
Wifi ameingia leo, na begi moja na cherehani yake. Atakaa mpaka nyumba yake imalize kuezekwa. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Huyu hata chai hajamaliza, ameshauliza kama ile kamusi elezo ya kwenye kompyuta aliyokuwa akiiandika kaka yake bado ipo. Ipo, nikamwambia, anaandika yeyote anayetaka. Basi na yeye anataka.

Haya. Kiti ni kilekile. Marehemu mume wangu alinifundisha hapo, amesimama nyuma yangu na vumbi lake la mbao, nikikosea anakohoa tu. Leo aliyesimama nyuma ni mimi. Nimejikuta nakohoa.

Jumanne, 4 Machi
Tumeanza na ukurasa wa mazoezi – hapo mtu anaharibu atakavyo, hagombezwi. Wifi anachapa kwa kidole kimoja, pini zimejaa ukosini. Akaandika: "Wifi yangu ananifundisha lakini hana subira." Akahifadhi. Dunia nzima inaweza kuisoma! Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Alhamisi, 6 Machi
Kosa lake ni kutia sahihi. Kila sentensi, jina lake chini. Nimemwelewesha: sahihi ni ya ukurasa wa majadiliano, tunakozungumza sisi waandishi. Makala yenyewe ni ya wote. Akauliza, kwa hiyo gauni alishone asitie alama yake ndani ya kola? Asitie. Akanuna.

Baadaye akasema, taratibu, kwamba basi kaka yake kaandika miaka yote ile na jina lake halipo popote. Lipo, nikasema. Nikamfungulia historia ya makala, panapoorodheshwa kila aliyeigusa, jina likashuka mstari baada ya mstari. Akalisoma kila lilipotokea, kwa sauti. Ikabidi nikatazame nguo kwenye kamba.

Nikamwonyesha na ya mwisho, makala ya bawaba. Alikuwa seremala, nani mwingine angeiandika? Inaishia hivi: "Bawaba ikilia haipigwi nyundo, kwanza" – basi. Alihifadhi, akaenda kujilaza kidogo, hakurudi kitini. Wenzangu wakiikata sentensi hiyo, mimi huirudisha. Sasa mkabidhi, msimamizi wetu, amenionya: ikamilishwe kwa chanzo, yaani maandishi ya kuithibitisha, kufikia Jumapili, au aiondoe.

Siwezi. Sijui alitaka kusema nini. Na nikiimalizia, atakuwa amemaliza kweli.

Ijumaa, 7 Machi
Wifi ameweka koma mbili kwenye makala ya sindano. Bila sahihi. Zimeachwa! Ametembea nyumba nzima kifua mbele. Koma yangu ya kwanza, marehemu alimwita jirani aje aione. Jirani wa watu akaja, akaitazama, akasema ni nzuri.

Jumamosi, 8 Machi
Nimetoka sokoni, nikafungua kompyuta. Makala ya bawaba imebadilishwa. Sasa ni hivi: "Bawaba ikilia haipigwi nyundo, kwanza huulizwa nani kagombana na mlango." Na maelezo ya mhariri: "Nimemalizia ya kaka. Sikutia sahihi."

Baba yao ndiye aliyekuwa akisema hivyo. Na marehemu akalihamishia neno hilo humu ndani, kila mlango ukilia, hasa siku tulizonuniana. Nilikuwa nikijitahidi nisicheke, nashindwa. Nimeilinda sentensi yake muda wote huu, na neno lenyewe lilikuwa limenitoka. Nimelia, sikujificha.

Lakini kanuni ni kanuni: huo ni mzaha wa nyumbani, hauna chanzo. Kesho mkabidhi ataukata. Nikiutengua mwenyewe leo, ninawajua waandishi wageni – ukimfutia mtu mapema, harudi tena. Na huyu ni wifi, tutanuniana mpaka bati lake lichakae.

Kidole kilikuwa juu ya "Tengua". Nimekitoa. Nimefungua ukurasa wa majadiliano, nikaandika: "Tunaomba iachwe. Chanzo ni" – nikakwama hapo.

Wifi anauliza kutoka jikoni kama imekaa sawa. Nimemwita aje, kuna sentensi ya kumalizia tena. Nimempisha kiti. Nimemwambia huku ni majadiliano, huku sahihi inaruhusiwa, aandike neno lile alilisikia kwa nani. Anachomoa pini ukosini, moja moja, anazipanga mezani –