Paja Ukutani

Iringa, 6 Machi 1978

Mdogo wangu Ikupa,

Habari za Mbeya na baridi yake? Shemeji Silvester na watoto hawajambo? Mimi mzima, na kitambi changu kizima kuliko mimi.

Nina jambo la kuringia. Kwa miaka yangu arobaini na minne nataka kurudi darasani. Kuna nafasi moja ya utafiti Ulaya, shahada ya udaktari wa falsafa, yaani udaktari juu ya udaktari. Wanajaribu kuotesha ngozi ya mtu ndani ya kisahani cha kioo, kutoka kipande kama kucha, ili aliyeungua asichunwe mgongo kama tulivyokuchuna wewe. Mwisho wa umri ni arobaini na mitano. Ni mwaka huu au basi.

Wiki iliyopita nilijieleza mbele ya kamati huko huko Mbeya, ukumbi wa misheni. Sikupita kwako, gari la hospitali lilirudi siku ile ile. Niliwaonyesha kwa slaidi paja lako lililoungua kwa maji ya chai, jinsi ngozi tuliyoipandikiza ilivyoshika. Uso hauonekani. Kabla ya slaidi yenyewe nilisema, "Anayefuata ni mdogo wangu, tumbo moja." Ilipotokea ukutani, wakapiga makofi.

Kaka yako,
Jailos


Mbeya, 19 Machi 1978

Kaka Jailos,

Shikamoo. Mwili mzima, mengine usiulize.

Una wadogo wangapi wa kike, kaka? Mmoja. Na aliyealikwa kufungua kikao kwa sala, akakaa kiti cha mbele, ni nani? Baba mkwe wangu. Jina lake unalijua, mimi silitamki wala siliandiki. Au Iringa imekusahaulisha Unyakyusa, kwamba mkamwana na baba mkwe hawaonani? Miaka kumi na mmoja sijakutana naye njiani. Nikisikia kikohozi chake naingia migombani hata na ndoo kichwani. Nawe umenitandaza paja ukutani, kubwa kama mlango.

Alitoka kabla ya makofi, akahamia kwa mdogo wake Uyole. Silvester akila anatazama sahani tu. Nimefunga sanduku. Siwezi kukaa katika boma ambalo mwenyewe amelihama kwa ajili yangu.

Mdogo wako,
Ikupa


Iringa, 28 Machi 1978

Ikupa,

Salamu zimenishinda. Barua yako nimeisoma mara nne, mlango wa maabara nimeufunga.

Ningesema sisi watu wa ngozi tunaona ngozi, hatumwoni mwenyewe. Lakini huko ni kujitetea. Mkweo Mzee Fanueli nilimwona akiingia, nikamwamkia kwa mikono miwili. Ilipofika zamu ya picha yako, nilitaka makofi kuliko nilivyotaka kukumbuka.

Kamati ilinichagua, mradi picha ibaki kwenye faili lao. Nimewaandikia kwamba nimejitoa. Slaidi hii hapa, hakuna nyingine. Ichome. Nitakuja kuomba radhi na mbuzi wangu, kama Silvester bado atanifungulia. Sanduku lifungue, nakuomba.

Kaka yako,
Jailos


Mbeya, 30 Aprili 1978

Kaka,

Shikamoo. Amerudi.

Mama mkwe alimfuata Uyole, akamkuta amenuna, kumbe si kwa hasira. Alimwambia hivi: "Niliposikia 'tumbo moja' nilivua miwani. Bila miwani sioni hata zizi langu. Nimekaa huku ili mkamwana asione haya. Sasa nitakaa mpaka lini, na mboga za huku hazina chumvi?"

Hakuona kitu, kaka. Amesema fundi wa ngozi aendelee na kazi yake, ila aache kutangaza ukoo. Slaidi sikuichoma. Nakurudishia. Waandikie tena, leo hii.

Mdogo wako,
Ikupa


Iringa, 21 Mei 1978

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimefurahi mpaka wauguzi wameniuliza nimekula nini.

Nafasi amepewa kijana wa miaka ishirini na tisa. Katika barua zangu zote, ile ya kujitoa ndiyo pekee ambayo Posta haikuichelewesha. Mzee usimwambie, atadhani kosa ni la kukaa kwake Uyole. Sisi huku tutaendelea kuchuna migongo.

Nilipoitoa slaidi kwenye bahasha, mkono uliinyanyua wenyewe kuelekea dirishani, kwa mazoea ya kazi.

Nikavua miwani kwanza.

Kaka yako,
Jailos