Picha ya Mawifi

Jumamosi, 14 Desemba 2013

Atu hakulala, na mimi sikulala. Meno. Nimefua nepi, nimekoroga uji, nimemfunga mgongoni, nimekwenda kutafsiri. Mama Neema ana banda la video hapa Tunduma, na Jumamosi mchana ni zamu ya akina mama. Picha inasema Kiingereza, mimi na kipaza nasema Kiswahili. Kiingereza changu ni cha fomu foo na cha kuuza vitenge Nakonde, upande wa Zambia. Kinatosha.

Leo picha ya Krismasi, sidii imetoka ng'ambo ya mpaka. Kwenye jalada wasichana wawili wanacheka, theluji kila mahali. Mama Neema akasema nzuri hiyo, ya kifamilia. Binti anampeleka mwenzake kwao sikukuu, anawaambia wazazi ni rafiki tu, wamepanga chumba pamoja. Haikuchukua muda nikaelewa. Wanapendana. Nikasema, huyu ni wifi yake. Basi, picha nzima ikawa ya mawifi.

"Jamani, wifi gani huyo anakufuta theluji puani? Wa kwangu hata chumvi haniazimi!" mmoja akapiga kelele.

Wamecheka mpaka benchi likalia. Mwishoni binti anasimama mbele ya wazazi, anasema huyu ndiye ninayempenda. Mimi nikasema, "Mama, wifi huyu amenifundisha kupika." Makofi. Wakabusiana midomoni. Nikasema wazungu ndivyo wanavyoagana.

Sekela alikaa benchi la tatu. Mwanzoni alicheka. Baadaye hakucheka.

Jumapili, 15 Desemba

Nimechoka mpaka kwenye nywele.

Sekela naishi naye mwaka wa pili. Alihamia kwangu nina mimba ya miezi sita, baba Atu keshapanda lori la Lusaka na hajarudi. Majirani wanajua ni mpangaji mwenzangu. Mama kule Ihanda anajua hivyo hivyo. Nampenda. Humu naandika, nje sisemi.

Leo anamenya viazi, kaniuliza, "Mama akija Krismasi, mimi nitakuwa wifi wa nani?"

Nilisema nimechoka. Uchovu ni kisingizio kizuri, hakuna wa kukubishia.

Ijumaa, 20 Desemba

Sekela kaenda Itaka kwa shangazi yake. Kachukua begi kubwa, siyo dogo. "Mimi sikuja kwako kupanga chumba." Atu kambusu. Mimi kanipa mkono kama mgeni.

Atu kamlilia mpaka saa sita mchana. Mimi nimefua.

Jumatatu, 23 Desemba

Mama kafika na jogoo na unga. Kauliza mpangaji yuko wapi. Nikasema kaenda Itaka. Kaangalia kitanda, kimoja. Kaangalia khanga za Sekela zilizobaki msumarini. Mama akiwa na neno hasemi, anapanga vyombo vyangu upya.

Alhamisi, 26 Desemba

Akina mama wameitaka tena picha ya mawifi. Mama naye kaja, kakaa mbele na Atu mapajani. Nimeanza vilevile, wifi huyu, wifi yule. Wanajua maneno, wanayasema kabla yangu.

Tukafika pale mbele ya wazazi. Kipaza mkononi, neno la kupika halikutoka. Siyo ushujaa. Nilichoka kuwabeba mawifi. Nikasema kama binti alivyosema: "Mama, Baba, huyu siyo rafiki wa chumba. Ndiye ninayempenda. Niliwadanganya kwa woga."

Muuza vitumbua mmoja akapiga paja: "Nilijua mimi! Wifi hawezi!" Mwingine kamvuta mwanaye, kasonya, katoka. Mama Neema kazima deki. "Mama Atu, hapa kwangu usirudi."

Nikakiweka kipaza chini taratibu. Siyo changu, kisivunjike.

Njia nzima Mama kambeba Atu. Kanitangulia, hakugeuka. Naogopa.

Ijumaa, 27 Desemba

Mama kachinja jogoo. Kwetu firigisi haigawanywi. Ilikuwa ya baba. Mkwe akija, mkwe ndiye hupewa. Baba Atu alipewa siku ile alipokuja kujitambulisha, akaila yote bila kumtazama mtu.

Leo Mama kaipasua, kaiosha, kaipika peke yake kwenye kisufuria. Nikadhani ni ya kaka yangu.

"Huyo wa Itaka anakula pilipili?"

"Hali, mama."

"Basi sitii. Na wewe usiidokoe."

Kafunika. Kisha, mgongo kanipa mimi, uso ukutani: "Sijafurahi. Usidhani nimefurahi. Lakini aliyekuchotea maji ukiwa na mimba, huyo siyo mpangaji."

Nimetoka nje kuanika nepi zilizokwisha kukauka.

Jumamosi, 28 Desemba

Mama kaondoka asubuhi. Jumamosi ya kwanza sina pa kwenda kutafsiri. Itabidi nirudi kwenye vitenge, na Atu mgongoni. Nitaweza.

Nimemtumia Sekela meseji: Mama kakuachia firigisi.

Nimefagia. Nimekoroga uji. Jino la Atu limetokeza, jeupe, dogo kama punje ya mchele. Mchana simu ikalia, Sekela:

"Ipashe asubuhi na jioni isichache. Nakuja Jumatatu."

Nimeipasha.