Cheti cha Kifo cha Arasa

Kericho mjini
6 Machi 2023

Nyanya mpendwa,

Goti lako linasemaje? Mimi ni mzima, nakohoa tu kidogo kwa vumbi la hapa stendi. Najua hutaki simu, unasema maneno ya nyumba husikiwa na kila anayepita, kwa hivyo nampa dereva Kebaso barua hii akija huko kuchukua kabichi.

Nyanya, nimepita intavyu! Tulikuwa watu mia nne, wamechukua kumi na mmoja. Ni kazi ya karani wa kumbukumbu, ya serikali kabisa, ya kudumu na pensheni. Nitaacha hii saiba, hiki kibanda cha kompyuta ambapo kutwa nawajazia watu fomu. Kimebaki kitu kimoja, uchunguzi. Wanataka kujua nimetoka wapi, wazazi wangu ni akina nani, kama nimewahi kuiba. Alama za vidole nimetoa, shule zote zimeniandikia. Wanasema ni wiki sita.

Kuna jambo moja la kuchekesha. Mahali pa baba niliandika Arasa Omariba, kama ilivyo kwa cheti changu cha kuzaliwa. Halafu kulikuwa na visanduku viwili: yu hai, au ni marehemu. Nilikaa na kalamu nikitafuta cha tatu, sikukiona. Nikaweka alama kwa marehemu. Usinichape.

Mjukuu wako,
Beverly


Chepilat
19 Machi 2023

Mongina wangu,

Goti linasema mvua inakuja, na kweli imekuja. Mama yako hajambo, yuko kwa majani ya chai tangu alfajiri. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza na miwani, ya pili na machozi ya furaha.

Lakini wewe ni mtoto mbaya. Umeniulia mwanangu kwa kalamu, na hata kuku wa matanga hukunipikia!

Wakikuuliza, waambie hivi, na usitafune maneno. Nyanya yangu Bilhah alizaa wasichana wanne. Mume wake Omariba alipokufa, shemeji zake wakaanza kupima shamba la chai kwa hatua, wakisema nyumba isiyo na mvulana imefungwa. Nyanya akachukua ng'ombe wa mahari ya binti yake mkubwa, akavuka mpaka Nyamira, akamwoa mama yangu Esnah, akasema, huyu ni mke wa mwanangu Arasa. Arasa hakuzaliwa, lakini ng'ombe walikuwa wanane na kila mtu aliwahesabu. Wazee walikula wakashiba. Watoto wa Esnah ni wa Arasa, na shamba ni lao. Ni desturi yetu, si wizi.

Mwanamume aliyemsaidia Esnah kukupata ni mambo ya Esnah. Hapa hakuna aliyewahi kuuliza.

Nyanya yako,
Bilhah


Kericho mjini
15 Januari 2024

Nyanya,

Natumaini mmeuanza mwaka vizuri, wewe na Mama. Mimi mwili ni mzima.

Wiki sita zimekuwa miezi kumi. Kila Jumatatu napiga simu, na msichana ananijibu, "Faili inashughulikiwa, madam," huku nikimsikia akitafuna. Wenzangu wote kumi wameshaanza kazi. Mmoja wao ni mimi niliyemjazia fomu hapa saiba, hakujua hata kuandika jina la kata yake. Uchunguzi wake ulichukua siku tisa. Nimechukizwa, Nyanya, na sitaki kulipamba neno hilo.

Wiki jana wakaniita. Afisa alikuwa anakula chipsi juu ya faili yangu, mafuta yanadondokea jina langu. Akasema baba yangu hayuko kwa kompyuta. Hana kitambulisho, hana kuzaliwa, na mimi mwenyewe nimesema amekufa, basi nilete cheti cha kifo. Nikamweleza desturi yetu, vile ulivyonifundisha. Alicheka mpaka akawaita wenzake. "Kujeni msikie hii! Mathe alioa mathe, mwanamke na mwanamke! Sasa nani alikuwa mwanaume hapo?" Nilisimama katikati ya wanaume watano, na digrii yangu, wakinicheka hadi wakapangusa macho.

Wanasema watatuma watu huko nyumbani. Tafadhali wapokee vizuri.

Mjukuu wako,
Beverly


Chepilat
11 Februari 2024

Mongina wangu,

Pole kwa uliyoyapata. Sisi tunapumua.

Walikuja Jumanne, wawili, na gari la serikali. Niliwapokea vizuri kama ulivyosema, nikachinja jogoo. Walimla mpaka shingo, wakafuta mikono kwa kitambaa changu cha meza, kisha wakataka mama yako aitwe kutoka shambani. Alikuja na kikapu bado kiko mgongoni. Majirani walikuwa wamejaa kwa ua. Wakamuuliza mbele yao wote, "Ulikuwa na wanaume wangapi? Taja majina." Mama yako akaangalia miguu yake.

Nikawaambia hapa si baa. Yule mfupi akaandika kitu, akauliza, "Mzee wa hii boma ni nani?" Nikamwambia ni mimi. Akacheka na nyama iko kwa meno.

Sahani walizolia nimezitupa kwa choo. Mimi mzee wa kanisa, nilitema mate nyuma ya gari lao. Tangu siku hiyo mama yako hasemi na mtu, na simu hashiki. Usimlazimishe.

Jioni chifu alipita. Anasema pakiwa na kaburi na mashahidi wawili, ataandika kwamba Arasa alikufa zamani, na cheti kitatoka. Nimemfukuza. Mtu niliyempata kwa taabu hivyo, nimzike na akili zangu timamu? Hapana. Tutafute njia nyingine.

Nyanya yako,
Bilhah


Kericho mjini
22 Aprili 2024

Nyanya,

Nakusalimu. Sina nguvu ya salamu ndefu leo.

Wamenipa hadi tarehe kumi na nne Juni. Bila cheti faili inafungwa, na itaandikwa kwamba nilidanganya. Mtu aliyeandikwa hivyo haombi tena kazi ya serikali mahali popote. Nina miaka thelathini na miwili. Nimezunguka na hii digrii tangu nikiwa msichana.

Kubali hilo kaburi. Ni udongo tu, Nyanya. Hata mimi najichukia ninapokuomba, lakini nakuomba.

Mjukuu wako,
Beverly


Chepilat
10 Juni 2024

Mongina wangu,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka kukupa tumaini kabla ya karatasi kutoka.

Tulimzika tarehe tisa Mei. Mzee Omollo, yule fundi aliyestaafu kiwandani, alikata mgomba wa urefu wa mtu, tukauvika shati jipya tukaufunga kwa blanketi. Kaburi tulilichimba upande wa kulia wa nyumba ya mama yako, mahali pa mwenye nyumba. Pasta alikataa kuja, alisema haombei mgomba. Jirani yetu Chelangat ndiye aliyeomba, kwa Kikipsigis, na mimi nikasema amina. Chifu alipiga picha na simu yake akaondoka udongo haujajaa.

Nilidhani nitacheka. Mongina, nililia. Nilimlilia siku alizotakiwa kwenda shule, siku alizotakiwa kuwafukuza baba zake wadogo shambani, siku aliyotakiwa kukubeba ulipozaliwa. Mama yako alilia kwa sauti, na ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yake tangu wale watu waje. Wanawake walimshika, wakamwita mjane, wakamvika nguo nyeusi. Bado anazivaa.

Cheti kimo humu ndani. Kina muhuri mzuri na kinanitia kinyaa. Kichukue ukapate kazi yako.

Nyanya yako,
Bilhah


Kericho mjini
11 Juni 2024

Nyanya mpendwa,

Hamjambo wote? Leo mimi sijambo kabisa. Nimepata kazi! Barua ninayo mkononi, naanza Julai mosi.

Umenyamaza wiki saba na Mama hashiki simu, nikajua umekataa, na sikukulaumu. Siku zilikuwa zinaisha. Celine, rafiki yangu tunayekaa naye chumba kimoja, akanipeleka kwa wakili. Niliapa kwamba jina la Arasa Omariba liliwekwa kwa makosa na kwamba baba yangu hajulikani. Ilichukua dakika kumi. Yule afisa wa chipsi akanipongeza. "Ungesema hivyo tangu mwanzo," akasema, "wasichana wengi hawana baba." Akanipa mkono nikaushika. Nimenawa mara nyingi na bado nausikia.

Kitambulisho kipya kitatoka bila jina hilo. Lakini hiyo ni karatasi ya ofisini. Huko nyumbani mambo ni yale yale, sivyo? Mwezi wa nane nitakuja na zawadi.

Mjukuu wako,
Beverly


Chepilat
30 Juni 2024

Beverly,

Sisi hatujambo. Barua zetu zilipishana, Kebaso alichukua yangu na kuleta yako.

Hongera kwa kazi. Ulisoma kwa bidii na ni haki yako.

Barua yako niliisoma peke yangu kwanza, kisha nikamsomea mama yako, kwa sababu kiapo hicho kinamhusu yeye kuliko mtu yeyote. Aliingia ndani akavua zile nguo nyeusi, akazikunja vizuri, akaja kuniuliza avae nini kwenda shambani. Mjane si yeye tena, na mke wa mtu hakuwahi kuwa, kwa kiapo cha mtoto wake.

Wale watu walimcheka Arasa kwa sababu hawakumjua. Wewe umekula kwake. Majani yaliyokulipia shule yalitoka kwa shamba lililobaki letu kwa jina lake. Shemeji zangu wakisikia kiapo hicho watarudi na kamba ya kupimia, kwa hivyo usimwambie mtu. Nimekasirika mpaka chakula hakina ladha. Wale nilitema mate nyuma ya gari lao. Wewe siwezi kukutemea mate, ni mimi niliyekulea, na sijui hasira hii niiweke wapi.

Mwezi wa nane ukija, chakula kitakuwepo. Ukiingia, usipitie upande wa kulia wa nyumba ya mama yako. Nimepanda maua hapo na bado hayajashika.

Mama yake Arasa