Dada Aliyeitwa Mama

Mwende mjukuu wangu,

Hatujambo hapa Matiliku. Mbaazi zimechanua, na babu yako bado anabishana na redio. Umeniuliza kama Yakobo alikosea kumpenda Yusufu kuliko wenzake, maana unaona baba yako anampendelea ndugu yako.

Mimi pia nilikuwa na Yusufu wangu. Dada yangu Kalunde alipewa jina la mama mzazi wa baba, na kwetu mtoto kama huyo baba yake humwita "mama". Baba hakumchapa wala kumtuma. Kuteka maji mtoni ilikuwa kazi yangu. Krismasi moja nililificha rinda lake jipya ndani ya gunia la mahindi.

Kalunde alilipata. Nikangoja anisemee kwa baba, lakini akanipa lile rinda.

"Livae wewe," akasema. "Wewe baba anakutania mpaka mnacheka. Mimi ananiheshimu tu, kama mgeni."

Kumbe! Nililia, lakini nilihisi wepesi kama mtu aliyetua mtungi. Kesho yake tulienda mtoni pamoja. Baba alipotuona tukirudi, akashtuka. "Mama, weka hayo maji chini, utaumia!"

"Leo mimi ni mtoto wako," Kalunde akamjibu.

Baba alicheka mpaka akaketi chini. Kisha akamtuma akateke mtungi wa pili, na Kalunde akaenda mbio huku akiimba.

Basi muulize ndugu yako yeye anakuonea wivu kwa nini. Mimi nilichelewa kuuliza.

Susu wako